Mkono Wangu Kando ya Skrini

Ukinikuta leo nimekaa mbele ya kompyuta ya mtu yeyote, utaniona nainua mkono wa kushoto, nauweka kando ya kioo, kisha naushusha. Wajukuu wanadhani nafukuza mbu. Ni mazoea tu, na hayana faida tena kwa mtu yeyote, lakini mwili ukishazoea kitu kuukataza ni kazi bure.

Mazoea hayo niliyapata Temeke, kwenye studio ya picha, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Studio ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Kabla ya hapo tulikuwa na kamera moja, pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua ni ya nchi gani, na chumba cha giza cha kusafishia picha nyeusi na nyeupe. Picha za rangi tulizipeleka mjini zikasafishwe huko. Kisha biashara zikafunguliwa, kila mwenye ndugu Dubai akaleta kitu, na shemeji naye akaleta kompyuta, skana na printa ya wino. Akaniweka mimi hapo, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa sijaolewa. Kwa akili yake, hizo zilikuwa sifa mbili za kutosha.

Siku mashine zilipofungwa alikuja fundi kutoka mjini, mtu wa tai na mkoba, akakaa na mimi kutwa moja. Kutwa moja tu! Akanifundisha kuwasha na kuzima, kuingiza picha kwa skana, kufuta mikwaruzo, kuongeza rangi na kupunguza. Alipokuwa anafunga mkoba ndipo akakumbuka kuniambia kwamba monita ni ndumakuwili. Kila moja inaonyesha rangi inavyotaka, akasema, na hiyo hiyo moja hufifia kadiri inavyozeeka. Kwa hiyo lazima niirudishe kwenye mstari kila wiki, kwa kuilinganisha na kitu ambacho rangi yake naijua. Akanipa karatasi iliyokuja na printa, yenye picha ya dada wa Kizungu na bakuli la matunda. Picha hiyo hiyo ilikuwa pia ndani ya kompyuta.

"Huyu wa skrini akifanana na huyu wa karatasi, umemaliza," akasema, akaenda zake.

Nikamlinganisha dada wa watu mpaka nikamwota. Akapendeza, na matunda yake yakapendeza, na wateja wangu wote wakatoka kama mkaa uliomwagiwa maji. Meno na macho ndiyo yaliyoonekana. Pua na mashavu yalizama. Sikuwa na elimu ya kueleza kwa nini. Nilichojua ni kwamba yule dada hakuwahi kuja Temeke kupiga picha, na waliokuja walikuwa weusi wa kila namna, kuanzia maji ya kunde hadi weusi wa kung'aa, na karatasi yake haikuniambia lolote juu yao.

Ndipo nikabuni njia yangu. Nikamwomba shemeji aupige picha mkono wangu wa kushoto, umelala juu ya shuka jeupe karibu na mlango, mahali penye mwanga wa mchana. Picha ile nikaiingiza kwenye kompyuta, nikahangaika nayo siku nne, napiga chapa, nabonyeza, napiga chapa tena, mpaka mkono wa kwenye skrini, mkono wa kwenye karatasi na mkono wangu mwenyewe vikawa kitu kimoja. Siku ya nne jioni nililia kidogo kwa uchovu. Shemeji hakuyaona machozi. Aliziona katriji tupu za wino.

"Kuanzia leo majaribio ya karatasi basi," akasema. "Linganisha kwa skrini peke yake."

Ikawa hivyo. Kila Jumatatu asubuhi niliwasha monita, nikaisubiri nusu saa ipate moto, kwa sababu kabla ya hapo rangi zake zilikuwa hazijatulia. Nikafunga pazia jeusi lililotenganisha meza yangu na chumba cha wateja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti, na kila alipogusisha chuma umeme ulishuka na picha kwenye kioo ikasinyaa. Nilimsubiri aende kunywa chai. Ndipo nikafungua picha ya mkono, nikauweka mkono wenyewe kando yake, na kwa mkono wa kulia nikabonyeza vitufe vya chini ya kioo, mwangaza, nyekundu, kijani, bluu, mpaka mikono miwili ikafanana. Baada ya hapo niliweza kuiamini skrini kwa wiki nzima.

Na iliaminika. Kwa miezi mingi watu walitoka pale na sura zao. Akina mama walikuja kutoka mpaka Tandale na Kibamba kwa sababu wameambiwa kuna studio Temeke mtu haungui pichani. Nilijivuna, sikatai. Nilikuwa na haki ya kujivuna.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa inanimaliza. Kioo kile kilikausha macho yangu mpaka jioni nikawa naona taa za barabarani zina pete. Mgongo ulikufa ganzi. Na maneno ya wateja yalikuwa yale yale, mwaka nenda mwaka rudi. "Dada, nitakatishe kidogo." "Dada, usinitoe mweusi." "Dada, huyu bwana harusi mwache, lakini bibi harusi mng'arishe." Siku nzima nawatakatisha watu kwa kubonyeza kitufe, jioni naosha uso wangu mbele ya kioo cha bafuni, naukuta ule ule.

Jirani yetu mlango wa pili alikuwa na saluni. Mwanamke mcheshi, mdomo hauna breki, na makopo yake ya mkorogo wa kutakatisha ngozi yamepangwa dirishani. Siku moja alikuja kuchukua picha zake, akaniangalia mikono nilipokuwa nazitia kwenye bahasha.

"Bibie, mbona unajiachia hivyo?" akasema. "Mikono ndo inayoonekana na wateja kutwa. Mie nna wangu nachanganya mwenyewe, sio ule wa kuunguza watu. Wiki tatu tu, utaniambia."

Ningeweza kusema alinishawishi, lakini huo utakuwa uongo. Nilikuwa nimeshautaka kabla hajafungua mdomo. Nilipaka usoni, shingoni na mikononi hadi kwenye viwiko, sehemu zinazoonekana, kwa sababu kopo lilikuwa dogo. Wiki ya tatu dada yangu akasema nimenawiri. Wiki ya sita bwana mmoja wa duka la vipuri akaanza kupita studio bila kuwa na picha ya kusafisha. Nilifurahi, na furaha ilikuwa adimu kwangu wakati huo, kwa hiyo sikuihoji.

Jumatatu zikaendelea kama kawaida. Pazia, chai ya fundi wa mageti, mkono kando ya kioo. Niliona kwamba kila wiki mkono wa kwenye skrini unaonekana mweusi kidogo kuliko wangu, na kila wiki nikaongeza mwangaza kidogo. Hilo halikunishangaza hata chembe. Fundi wa tai si alisema monita hufifia ikizeeka? Nikaona kumbe kweli, inazeeka. Nikaionea huruma, hata.

Wateja wakaanza kulalamika kwamba picha zinatoka nyeusi. Lakini walikuwa wamelalamika hivyo tangu siku ya kwanza, hata zilipokuwa sahihi kabisa, na masikio yangu yalishaota sugu. Anayesema umenitoa mweusi na kweli umemtoa mweusi, na anayesema hivyo kwa kuwa hataki kuwa alivyo, maneno yao ni mamoja. Niliwajibu wote jibu moja.

"Kompyuta haidanganyi," nilisema.

Ndipo akaja mzee mmoja seremala wa Keko, mtu wa Kusini, mwembamba, vumbi la mbao limekaa kwenye nyusi zake kana kwamba ndipo lilipozaliwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatoa mfukoni kitambaa kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na picha ndogo ya kitambulisho, ya rangi, ya msichana wa miaka kama ishirini. Ilikuwa imetundikwa ukutani mkabala na dirisha, na jua lilikuwa limeila. Uso wote ulikuwa umegeuka wekundu mtupu.

Aliniambia bila kuzunguka. Ni binti yake, na amefariki. Mama yake alitangulia zamani. Ndugu walioko Kusini walimwona mara ya mwisho akiwa wa kubebwa. Picha nyingine hana. Alitaka ikuzwe na irudishiwe rangi, na fremu alishaitengeneza mwenyewe kwa mninga.

"Rangi yake siwezi kuisema kwa maneno," akasema. "Lakini nikiiona nitaijua. Kwa sasa ni mimi peke yangu niliyebaki kuijua."

Nilikaa na msichana yule siku mbili. Nikautoa ule wekundu, nikafuta mikwaruzo, nikamrudishia weusi wa nywele na kola ya shati. Ngozi niliitafuta kwa makini, kwa sababu yule mzee alinigusa. Kwenye skrini alitoka vizuri mpaka nikamsalimia. Nikapiga chapa, nikaitia kwenye bahasha bila kuitazama sana, maana wateja walikuwa wengi.

Mzee alikuja, akaitoa, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akarudi taratibu.

"Sura ni yake," akasema. "Rangi siyo. Mwanangu hakuwa mweusi hivi."

Nikamjibu kwa adabu kwamba nitaitazama. Nikaitazama. Kwenye skrini hakukuwa na kosa. Nikaongeza wekundu kidogo mashavuni ili tu isisemwe sikufanya kitu, nikapiga chapa nyingine. Alipokuja mara ya pili alienda nayo mlangoni tena, akasimama muda mrefu zaidi, akarudi akitikisa kichwa. Nyuma yake walikuwa wamekaa mama wawili na watoto wa kupiga picha za shule, mmoja analia, umeme umeshakatika mara mbili asubuhi ile, na mimi nilikuwa nimechoka. Nalisema hili si kwa kujitetea. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kompyuta haidanganyi. Labda macho yamezoea ile picha iliyokwisha rangi. Ukikaa na kitu kilichofifia muda mrefu, unasahau kilivyokuwa."

Aliifunga bahasha, akaomba aende nayo nyumbani akaizoee.

Alirudi baada ya wiki mbili, na fremu yake kwapani, imeshatiwa kioo. Alikuwa amekonda, au labda mara zile mbili sikumtazama vizuri. Aliiweka bahasha mezani.

"Nimekuja unisaidie kuibandika," akasema. "Nimekaa nayo. Nimeitazama asubuhi, mchana na jioni. Nadhani umesema kweli, mwanangu. Mwaka mmoja tu, na nimeshaanza kumsahau."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya misumari. Niliishika ile picha. Sikujua bado kwamba nimekosea. Nilijua tu kwamba maneno yale nilimpa mimi, siku ya mtoto anayelia, na yeye amekaa nayo chumbani kwake wiki mbili.

Shemeji alikuwa amekataza wateja kuvuka pazia, kwa ajili ya vumbi, na mzee huyu alikuwa vumbi tupu. Nikamvusha. Nikamkalisha kwenye stuli yangu, nikafungua picha ya binti yake kwenye skrini.

Mzee aliruka. "Huyu hapa!" akasema. "Huyu ndiye!"

Kisha akaitazama karatasi mkononi mwake. Akatazama skrini, akatazama karatasi.

Nikaanza kumwimbia wimbo wangu wa siku zote, kwamba skrini ina taa ndani na karatasi haina, kwa hiyo tofauti kidogo haikosi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyomsikiliza mteja anayemweleza namna ya kuranda mbao.

"Na hii TV yako unailinganisha na nini?" akauliza.

Hapo nikajua nimepata mtu wa kumwonyesha. Kwa fahari kabisa nikafungua picha ya mkono, nikauweka wangu kando ya kioo, nikamweleza habari ya Jumatatu, na nusu saa ya moto, na fundi wa mageti. Alisogea karibu. Hakutazama skrini. Alitazama mkono wangu, muda mrefu, bila kuugusa.

"Sisi kule Keko," akasema, "mtu akileta kiti kimoja anataka vingine vitano vya rangi ile ile, tunakata kipande, tunakipaka vanishi mpaka kifanane. Kipande kile tunakifunga kitambaa, tunakitia kwenye droo. Hakikai nje. Kikikaa nje jua linakibadilisha, na wewe unayekiona kila siku huoni kama kinabadilika. Unakifuata hicho hicho. Ukija kushtuka, viti vyote vimeharibika."

Nikasema ndiyo, ingawa sikuelewa.

Akanyoosha kidole, akakisimamisha hewani juu ya vifundo vya vidole vyangu. Anayejua mkorogo anajua kwamba hapo haufiki. Ngozi yote hutakata, vifundo hubaki.

"Wewe umebaki hapa," akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumvunjia mwenziwe heshima.

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Kwanza nilikasirika, nikatafuta neno la kumwambia kwamba hayo hayamhusu. Halafu hesabu ikajipanga yenyewe kichwani, Jumatatu moja baada ya nyingine. Mkono unazidi kuwa mweupe, mimi naiongezea skrini mwangaza iufuate. Skrini inang'aa kupita kiasi, mimi nawatia watu weusi ili wasing'ae. Kisha karatasi, ambayo haina habari na mambo yangu ya saluni, inawatoa kama nilivyowatia.

Vifundo navyo sikuviamini kuwa kipimo, maana hapo mkorogo hurundika weusi usiokuwapo. Lakini juu ya kiwiko kopo halikuwahi kufika. Nikashika mkono wa gauni langu. Mzee akaona ninachotaka kufanya, akageuza uso ukutani, akakaa hivyo, mikono juu ya fremu yake.

Nikaupandisha mkono wa gauni hadi karibu na bega. Pale palikuwa na rangi yangu, ile niliyozaliwa nayo, imekaa kimya ndani ya nguo miezi yote hiyo. Nikausogeza mkono ule kando ya kioo, nimejipinda vibaya kama mtu anayejichungulia mgongo, nikaanza kubonyeza vitufe kurudi nyuma. Ilikuwa safari ndefu. Nilibonyeza mpaka kidole kikachoka, skrini inazidi kutulia, mpaka mkono wa kwenye picha ukafanana na bega langu.

Nikamfungua tena binti wa mzee. Sasa nilimwona kama alivyokuwa kwenye karatasi, ameungua, pua na mashavu yamezama. Nikawaona pamoja naye wengine wote wa miezi ile, maharusi, marehemu wa arobaini, watoto wa komunyo na wa maulidi, wote ukutani kwenye nyumba za watu kuanzia Temeke hadi Tandale, na wote nimewaambia kompyuta haidanganyi. Hao sikuweza kuwarudisha. Wengine nilikutana nao kwenye kuta miaka mingi baadaye, nimekwenda msibani au harusini, nikabadilisha kiti ili niwape mgongo. Na mkorogo wenyewe sikuuacha siku ile, kama msomaji anavyoweza kutarajia. Niliuacha baadaye sana, ngozi ilipoanza kuuma yenyewe. Siku ile nilichoweza kufanya ni kumtengeneza msichana mmoja.

Nilimwinua taratibu, kipaji cha uso, mashavu, shingo, mpaka nikaona macho yake yanatazama tena. Mzee bado alikuwa ameelekea ukutani, hakuna aliyemwambia ageuke, na mimi nilisahau. Nikapiga chapa. Printa ile ilikuwa inatoa karatasi kwa kuburuta, mstari baada ya mstari, ikichukua wakati wake, na tuliisikiliza sote wawili.

Nikampa. Hakuitazama hapo. Alivuka pazia, akapita katikati ya wateja, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, kama mara zile nyingine. Alisimama muda mrefu hata fundi wa mageti ng'ambo akanyanyua miwani yake kumtazama. Mabega ya mzee yalianza kutikisika. Nikamfuata, nikasimama nyuma yake. Nikataka kuomba radhi, na maneno ya kuombea radhi jambo kama lile sikuwa nayo.

"Kumbe sijamsahau," akasema.

Hakuniambia mimi. Alimwambia yule wa kwenye picha. Nikaushusha mkono wa gauni langu, nikaenda ndani kumletea fremu yake.